Utitiri kwa nyoka wanaofugwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Unguja na Pemba

Ukurasa huu ni kwa wanaotunza nyoka visiwani: watunzaji na watembezaji wa bustani ndogo za wanyama, walimu wenye sanduku la nyoka skuli, na wale wanaoitwa na majirani chatu akionekana kwenye banda la kuku. Nyoka hawezi kujikuna wala kulia. Utitiri humnyonya kimya kimya, na mara nyingi mtunzaji hushtuka damu ikiwa imeshapungua. Tafadhali soma mpaka mwisho kabla hujanunua dawa yoyote, kwa sababu nyoka wengi hufa kwa dawa iliyotiwa kwa haraka.

Utitiri wa nyoka ni mdudu gani?

Ni mnyonya damu mdogo wa jamaa moja na kupe. Jina lake la kitaalamu ni *Ophionyssus natricis*, na ameenea duniani kote panapofugwa nyoka. Jike mzima ana urefu wa baina ya milimita 0.6 na 1.3. Kabla hajala huwa na rangi ya manjano iliyofifia, na akishiba damu anakuwa mweusi au mwekundu wa kiza.

Maisha yake yana hatua tano: yai, lava, hatua mbili za utoto, kisha utu uzima. Katika hizo, ni mbili tu zinazonyonya damu, yaani hatua ya kwanza ya utoto na ile ya utu uzima. Jike hutaga mayai 60 hadi 80 katika maisha yake, na mayai huanguliwa ndani ya siku moja hadi nne kulingana na joto. Mzima anaweza kuishi siku 40 hivi.

Hesabu hizo ni muhimu, lakini lipo jambo jengine linaloamua kama utafanikiwa au la: jike hatagi juu ya nyoka. Akishiba hushuka, akatafuta mwanya wenye giza na unyevu, akataga huko. Kwa hiyo wale unaowaona kwenye magamba ni waliokuja kula tu. Waliobaki wamo sandukuni, kwenye viungio vya mbao, chini ya bakuli la maji, ndani ya makumbi, na pengine kwenye ufa wa ukuta nyuma ya sanduku.

Ndio ule ule utitiri wa kuku?

Hapana. Wa kuku ni mdudu mwengine, *Dermanyssus gallinae*, na hafanyi makao kwa nyoka. Hata hivyo mfugaji wa kuku ana faida kubwa hapa, maana anajua tayari kwamba ukiwapaka kuku dawa na banda ukaliacha na nyufa zake, baada ya wiki chache umerudi pale pale. Kwa nyoka mambo ni hayo hayo.

Na kupe je?

Chatu aliyetoka porini mara nyingi huja na kupe walioganda baina ya magamba. Barani Afrika yuko kupe anayependa nyoka hasa, *Amblyomma latum*. Kupe unamuona kwa macho bila shida, yeye hukaa pale pale alipong'ata. Mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta polepole bila kusokota, kisha mtie kwenye spiriti. Usimchome kwa moto wala kumpaka mafuta ya taa.

Nitajuaje kama nyoka wangu ana utitiri?

Dalili ya kwanza ni maji. Nyoka aliyezoea kunywa na kuondoka sasa anakaa ndani ya bakuli kutwa nzima, amejikunja, kichwa tu kiko juu. Anajaribu kuwazamisha wanaomuuma. Tazama chini ya bakuli: ukiona vidoa vyeusi kama vumbi la pilipili manga vimezama, basi jibu umelipata.

Kisha tazama kichwa. Utitiri hupenda pembeni mwa macho, kwenye mfereji ulio chini ya kidevu, kwenye vishimo vya joto vya midomo ya chatu, na kwenye tundu ya haja. Magamba ya sehemu hizo hunyanyuka kidogo. Juu ya mgongo unaweza kuona unga mweupe mwembamba. Huo ni uchafu wa utitiri. Mpitishe nyoka mkononi mwako ukiwa na kitambaa cheupe kilicholowa, halafu kitazame kitambaa kwenye mwanga.

Zipo dalili zinazochelewa: kukataa chakula, kulegea, kujivua gamba vipande vipande, na ndani ya mdomo kuwa mweupe badala ya waridi. Weupe huo ni upungufu wa damu. Ukiuona, usiendelee na majaribio ya nyumbani, mtafute daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Kwani utitiri unaua kweli?

Unaua. Nyoka mdogo anaweza kufa kwa kupungukiwa na damu tu. Mkubwa huvumilia zaidi, lakini vidonda vya kung'atwa hufungua mlango kwa maradhi mengine. Utitiri huweza kubeba bakteria aitwaye *Aeromonas hydrophila*, anayeingia kwenye damu ya nyoka na kumuua kwa haraka. Pia unashukiwa kueneza ugonjwa wa virusi unaowapata chatu na jamaa zao, ambao nyoka hushindwa kujigeuza akilazwa chali na huangalia juu kama aliyepotewa. Ugonjwa huo hauna dawa.

Mbona nyoka wa porini huishi nao bila taabu?

Kwa sababu yule wa porini anahama. Leo amelala chini ya jiwe la tumbawe, kesho kwenye kichaka, na jike la utitiri lililoshuka kutaga linabaki nyuma. Watoto wakianguliwa hawamkuti mtu. Sandukuni nyoka hurudi mahala pale pale pa kujificha kila siku, na kila yai linaloanguliwa linakuta chakula kimelala hapo hapo. Sisi ndio tuliomfungia, na dhamana hiyo ni yetu.

Kwa nini hapa Zanzibar unarudi mara kwa mara?

Hewa yetu inaufaa. Utitiri hustawi kwenye joto la nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi na unyevu mwingi, na hali hiyo tunayo karibu mwaka mzima. Mayai yake hukauka hewa ikiwa kavu, lakini hewa kavu hapa ni ya nadra. Masika, baina ya Machi na Mei, ndio wakati wa kuwa macho zaidi. Wanaofuga nyoka nchi za baridi hupata msaada wa hewa kavu ya ndani ya nyumba. Sisi hatuna, kwa hiyo tusifuate ratiba zao fupi.

Sababu ya pili ni matandiko. Makumbi na usumba vinapatikana bure kila pahala, vinashika unyevu vizuri, na nyoka anavipenda. Lakini kwa utitiri hakuna maficho bora kuliko hayo. Siwakatazi watu makumbi nyoka akiwa mzima. Wakati wa matibabu, nayakataza kabisa.

Nyoka wangu hajawahi kukutana na nyoka mwengine. Umeingia vipi?

Kwa mikono yako, au ya mgeni. Utitiri hupanda kwenye nguo, fimbo ya kushikia nyoka, kiroba alichobebewa nyoka mwengine, sanduku la kuazima, hata gamba lililovuliwa ambalo mtu amekuletea uwaoneshe wanafunzi. Mtembezaji anayemtoa chatu mmoja, akamvisha mgeni shingoni, kisha akamtoa wa pili bila kunawa mikono, ameusafirisha mwenyewe. Sanduku linalovuka na boti baina ya Unguja na Pemba lioshwe kabla halijapanda na likishashuka pia.

Nimeuona leo. Nianze na nini?

Anza na nafasi. Mtoe nyoka umuweke mbali na wenzake, chumba chengine ikiwezekana, ndani ya kontena la plastiki lenye kifuniko kinachofunga na matundu madogo ya hewa. Tandika karatasi nyeupe, au magazeti kama nyeupe hakuna. Weka bakuli moja la maji na kitu kimoja cha kujifichia unachoweza kukitupa, mfano boksi la karatasi. Basi. Kila siku karatasi inatolewa, inakunjwa ndani ya mfuko, inafungwa na kuchomwa moto, na boksi linabadilishwa.

Nyoka wengine wote waliomo chumba kile wahesabu kuwa wanao, hata kama huoni kitu. Wakaguliwe na watibiwe pamoja. Kumtibu mmoja tu ni kupoteza dawa na muda.

Sasa lile sanduku la zamani. Makumbi, mchanga, majani, vyote vitoke na vichomwe. Magogo na matawi yachomwe pia, isipokuwa kama una friza ya kuyaweka siku kadhaa au sufuria kubwa ya kuyachemshia. Sanduku lenyewe limwagie maji yanayochemka, na usiwe na haraka kwenye pembe, bawaba, reli za kioo na vichwa vya misumari. Sugua kwa brashi na sabuni, mwaga tena maji ya moto. Dawa ya klorini inafaa kwa bakteria, lakini usiitegemee kuua mayai ya utitiri. Kazi hiyo inafanywa na maji ya moto na brashi. Tangi la kioo usilimwagie maji yanayochemka ghafla, litapasuka. Jua la mchana linasaidia kukausha, ila haliwafikii waliomo ndani ya viungio.

Sanduku la mbao kuukuu lenye nyufa nyingi, ushauri wangu ni kulichoma. Najua mbao ni ghali. Lakini nyufa zile zitakurudisha nyuma kila mara, na gharama ya dawa itapita bei ya sanduku jipya. Likiwa bado zuri, ziba nyufa zote kwa silikoni baada ya kuliosha.

Mwisho, chumba. Fagia, pangusa ukuta na rafu kwa maji ya moto ya sabuni, toa mazulia na mapazia uyafue. Majike hupanda juu kutafuta mwanya, kwa hiyo usiishie sakafuni.

Nyoka nimuogeshe vipi?

Beseni lenye maji ya uvuguvugu, nyuzi 28 hadi 30. Kina kisizidi unene wa kiwiliwili chake, ili aweze kuweka kichwa juu bila ya kuogelea. Nusu saa inatosha. Kaa naye muda wote, maana nyoka aliyedhoofika huzama. Usitie sabuni, chumvi, wala spiriti.

Utitiri uliozama utakufa, na uliobaki utakimbilia kichwani. Mtoe, mpanguse kwa kitambaa, kisha chukua kijiti cha pamba chenye mafuta kidogo sana upitishe pembeni mwa macho na kwenye mfereji wa kidevu. Mafuta huwaziba pumzi. Maji mwaga chooni au kwenye shimo, mbali na mabanda.

Kuogesha kunampa nyoka nafuu ya siku ile. Peke yake hakumalizi tatizo.

Mafuta ya nazi yanafaa?

Kwa kichwa, kwa kiasi kile cha kijiti cha pamba, ndiyo. Mafuta ya zeituni pia yanafaa. Usimpake mwili mzima akang'ara. Magamba hushika uchafu na ngozi inayotaka kuvuliwa huharibika.

Mafuta ya karafuu au ya makonyo je? Si yanaua wadudu?

Usiyatumie kwa nyoka. Mafuta hayo yana yujenoli kwa wingi, na yujenoli ndiyo inayotumika kuwalewesha samaki ili washikwe bila kuhangaika. Kwa nyoka, juu ya ngozi iliyokwisha jaa vidonda, huunguza, na harufu yake ndani ya sanduku lililofungwa ni mateso. Karafuu ni fahari yetu, ila pahala pake si hapa.

Maji ya mwarobaini watu wengi huyaulizia. Si sumu kali kama hayo, lakini nguvu yake hubadilika kila unapochemsha, na huwezi kujua umempa kiasi gani. Siyapendekezi.

Nina dawa ya kuogeshea ng'ombe. Nikiipunguza kwa maji?

Hapana, hata ukiipunguza sana. Dawa za josho zimepimiwa ng'ombe mwenye kilo mia na zaidi. Nyoka mwenye gramu mia mbili ana pafu linalofika mbali mwilini, anavuta mvuke wote, na mwili wake huchelewa kuitoa sumu. Hali kadhalika mafuta ya taa, dawa ya mbu ya kopo, dawa ya kunguni, tumbaku, na zile za kutundika zenye sumu ya wadudu iitwayo diklorovosi. Nyoka aliyekula sumu hutetemeka, hupindua kichwa, hushindwa kujigeuza. Ukiona hivyo muoshe kwa maji safi ya uvuguvugu, muweke penye hewa, na umpigie daktari.

Basi dawa gani ni salama?

Zipo tatu ambazo madaktari wa wanyama hutumia, na kila moja ina masharti.

Permethrini iliyotengenezwa kwa ajili ya wanyama watambaao, ya asilimia 0.5, hupulizwa ndani ya sanduku tupu. Bakuli la maji linatolewa kwanza. Sanduku linaachwa wazi likauke kabisa na harufu iishe, ndipo nyoka anarudi. Paka wasikaribie, permethrini ni hatari kwao.

Fipronili, ile ya kunyunyizia mbwa, hutiwa kwenye kitambaa, kisha kitambaa ndicho kinachopitishwa mwilini mwa nyoka. Haiguswi kichwani. Baada ya dakika tano hivi nyoka anaoshwa. Wachanga, wagonjwa na wadogo sana wasipakwe. Muulize daktari kabla, kwa sababu spiriti iliyomo nayo inaweza kumdhuru.

Ya tatu ni aivamektini kwa sindano, na hapa nawaomba watu wanisikilize. Kipimo chake kwa nyoka ni miligramu 0.2 kwa kila kilo ya uzito, kinarudiwa baada ya wiki mbili. Chupa ya kawaida ya mifugo, ile ya asilimia 1, ina miligramu 10 ndani ya mililita moja. Fanya hesabu: nyoka wa kilo moja anahitaji mililita 0.02 tu, yaani chini ya tone moja. Chatu wa kilo tano anahitaji mililita 0.1. Huwezi kupima 0.02 kwa bomba la kawaida na kubahatisha ni kuua. Daktari huipunguza nguvu dawa kwanza ili ipimike. Mpime nyoka uzito kwa mizani kabla ya kumpeleka.

Nina kobe pia pale pale. Wao je?

Utitiri huu ni wa nyoka zaidi, ingawa mijusi nao hupata. Kubwa ni hili: aivamektini kwa kobe ni sumu, inawalemaza na kuwaua. Isikaribie kobe kwa njia yoyote, iwe sindano au maji ya kuogea. Visiwani wengi hufuga kobe na nyoka kwenye ua mmoja, na kuna hazina ya kobe wakubwa wa kutoka Shelisheli kisiwani Changuu; kila anayeshika dawa hii alijue jambo hilo.

Matibabu yaendelee kwa muda gani?

Wiki sita kwa uchache. Dawa nyingi haziui mayai, kwa hiyo kila duru inaua walioanguliwa na kuwaacha walio ndani ya mayai. Rudia kusafisha sanduku kwa maji ya moto kila wiki, na dawa kila baada ya wiki mbili au kama daktari alivyosema. Wiki ya pili nyoka atakuwa safi kwa macho, na hapo ndipo watu wengi huacha. Usiache.

Anakaribia kujivua gamba. Nisubiri?

Kusafisha sanduku usisubiri. Kuogesha kunamsaidia. Dawa ya ngozi isubiri mpaka avue, na gamba lichomwe moto mara moja, maana hutoka na utitiri mwingi.

Amekataa kula. Nimlishe kwa nguvu?

Hapana. Nyoka mzima mwenye afya anaweza kukaa wiki nyingi bila chakula, na wengi hurudia kula wenyewe wadudu wakiisha. Maji safi ndiyo yasikose.

Ni nyoka mwenye sumu. Nitamuogeshaje?

Humuogeshi. Mwenye sumu, kama mamba wa kijani anayepatikana Unguja, anahamishwa na mtu aliyefunzwa tu, sanduku kwa sanduku. Dawa ni ya sanduku, na sindano ni kazi ya daktari na msaidizi mwenye uzoefu. Hakuna utitiri unaostahili mtu kung'atwa.

Unauma binadamu?

Huuma, ukiukosa mlo wake. Utaona vipele vyekundu vinavyowasha, hasa mikononi na kiunoni. Hauishi wala hautagi kwa mtu. Oga, nguo zifuliwe kwa maji ya moto. Mtoto mwenye vipele vingi apelekwe kituo cha afya, na umwambie daktari kwamba nyumbani kuna nyoka.

Nyoka mpya akae mbali na wengine kwa muda gani?

Siku 90, chumba chengine, juu ya karatasi nyeupe, na vyombo vyake mwenyewe. Siku 60 ni kiwango cha chini ambacho nakikubali kwa shingo upande. Mhudumie yeye wa mwisho kila siku, baada ya wazima, kisha nawa na ubadilishe nguo. Wageni wasimshike. Anayekuambia nyoka wake ni safi, mshukuru, na karantini iendelee.

Lini nirudishe makumbi na magogo?

Baada ya mwezi mzima wa karatasi nyeupe bila kidoa hata kimoja, baada ya zile wiki sita. Makumbi mapya, yaliyochemshwa au kukaa friza.

Nimeshindwa. Nimwachie porini?

Usifanye hivyo. Nyoka aliyejaa utitiri, pengine na virusi asivyoonesha, atawapelekea wa msitu wa Jozani au Ngezi maradhi ambayo hayakuwa yao, na akiwa dhaifu hivyo yeye mwenyewe hatafika mbali. Isitoshe, kushika na kufuga wanyamapori Zanzibar kunahitaji kibali. Sheria ya misitu na maliasili zake ni Namba 10 ya 1996, na chatu wa Afrika wamo kwenye orodha ya pili ya mkataba wa CITES wa biashara ya viumbe walio hatarini. Nenda Idara ya Misitu ueleze ukweli kwamba una nyoka mgonjwa na huwezi tena kumtunza. Mbebe ndani ya kontena la plastiki lililofungwa, si kirobani, ili usiwaachie utitiri ofisini na kwenye daladala.